Nukta Tatu za Mstari Mmoja: Kutafuta Nukta kwa Kuweka Namba Badala ya x

Mara nyingi ukurasa huu tunautumia kwa mambo tunayojifunza darasani katika falsafa. Leo tumeamua kuandika juu ya hesabu, na tunajua kuna watakaotaka kuishia hapa. Tunawaomba wavumilie kidogo. Sisi wenyewe ni miongoni mwa waliodhani kwamba mtu akiingia falsafa ameagana na x na y, kumbe mlango wa kwanza tuliofunguliwa, yaani mantiki, una x ndani yake.

Sababu ya kuandika ni hii. Wakati wa likizo, mafrateri wachache tulikaa siku kumi na nne katika parokia moja ya kijijini tukiwasaidia wanafunzi wa kidato cha pili kujiandaa kwa mtihani wao wa taifa. Jumla tulikuwa watu ishirini pamoja na wanafunzi. Tuliwafundisha namna ya kupata nukta za mstari kutokana na mlinganyo wake. Walijifunza, na sisi tulijifunza zaidi kuliko wao, kama tutakavyoeleza mbele. Tuanze na somo lenyewe.

Mlinganyo ni sentensi yenye nafasi wazi

Tuchukue sentensi hii: "Fulani ni mwalimu." Je, ni kweli au si kweli? Huwezi kujibu, kwa sababu hujui Fulani ni nani. Weka jina la mtu mahali pa Fulani, ndipo sentensi inakuwa kweli au uongo. Aristotle, katika kitabu kijulikanacho kwa jina la Kilatini De Interpretatione, alikwisha kuona kwamba si kila sentensi yenye maana huwa ya kweli au ya uongo, na mfano alioutoa ni wa sala: sala ni maneno yenye maana, lakini huwezi kuiambia kwamba ni kweli au si kweli.

Mlinganyo nao, kabla hujauwekea namba, uko katika hali ya kusubiri. Tazama huu:

y = 3x − 4

Hapo hatujasema kweli wala uongo. Tumeacha nafasi mbili wazi, ya x na ya y. Tukiweka 2 mahali pa x na 2 mahali pa y, tunapata 2 = 3 × 2 − 4, yaani 2 = 2. Kweli. Tukiweka 4 mahali pa x na 9 mahali pa y, tunapata 9 = 12 − 4, yaani 9 = 8. Uongo.

Basi, jozi ya namba (2, 2) inaufanya mlinganyo useme kweli, na jozi (4, 9) inaufanya useme uongo. Ukichora katika grafu jozi zote zinazoufanya mlinganyo huu useme kweli, bila kubakiza hata moja, unapata mstari mnyoofu. Huo ndio mstari wa mlinganyo. Nukta iliyo juu ya mstari ni shahidi wa kweli, na nukta iliyo nje ya mstari si shahidi wake. Mwanafunzi akilishika hili, mengine yote ni kazi ya mkono.

Tukumbushane kwamba katika jozi, namba ya kwanza ni ya x, na hutuambia twende hatua ngapi kulia, au kushoto ikiwa ni hasi. Namba ya pili ni ya y, na hutuambia tupande hatua ngapi, au tushuke ikiwa ni hasi. Jozi ni kama anwani ya nukta. Ukigeuza mpangilio wa namba umekwenda nyumba nyingine: (2, 5) na (5, 2) si mahali pamoja.

Mchezaji anayeingia huchukua kazi ya anayetoka

Wanafunzi wetu walikuwa wakisoma hesabu kwa Kiingereza shuleni, na wengi walikuwa wamekariri hatua bila kujua kinachofanyika. Tulipowauliza maana ya kuweka namba badala ya x, kimya kilitanda. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Ni kama sabu mpirani." Darasa likacheka, lakini tuliona kwamba amesema vizuri kuliko sisi, tukautumia mfano wake hadi mwisho.

Mchezaji wa akiba akiingia, aliyetoka anatoka kabisa. Hawachezi wote wawili. Na yule anayeingia anachukua kazi yote ya aliyetoka: kama alikuwa beki, naye anakuwa beki. Vivyo hivyo katika 3x − 4. Kazi ya x hapo ni kuzidishwa na 3. Namba yoyote inayoingia lazima ikubali kazi hiyo hiyo.

Tuingize namba moja moja:

x = 0: y = 3(0) − 4 = 0 − 4 = −4. Nukta ni (0, −4).
x = 1: y = 3(1) − 4 = 3 − 4 = −1. Nukta ni (1, −1).
x = 2: y = 3(2) − 4 = 6 − 4 = 2. Nukta ni (2, 2).
x = −2: y = 3(−2) − 4 = −6 − 4 = −10. Nukta ni (−2, −10).

Angalia mabano. Mabano ndiyo jezi ya mchezaji anayeingia. Wengi wa wanafunzi wetu walipofika kwenye x = −2 waliandika 3 − 2 − 4, wakapata −3. Walimwingiza mchezaji bila jezi, mwamuzi akadhani ni alama ya kutoa. Namba ilikuja kuzidishwa, wao wakaitoa. Kosa hili dogo ndilo lililowanyima maksi wengi, nao wakahitimisha kwamba hawana akili ya hesabu. Akili wanayo. Walichokosa ni mabano. Ushauri wetu ni kwamba kila unapoweka namba badala ya x, iweke ndani ya mabano kwanza, hata kama ni 1, halafu ndipo uzidishe.

Kwa nini nukta tatu, wakati mbili zinatosha

Mstari mnyoofu unahitaji nukta mbili tu. Ukiwa na (0, −4) na (2, 2), weka rula, piga mstari, umemaliza. Kwa nini basi walimu husisitiza nukta ya tatu?

Kwa sababu nukta mbili haziwezi kusutana. Nukta mbili zozote, hata zote zikiwa za makosa, rula itazipatia mstari. Karatasi itapendeza, na hutajua kwamba umekosea. Ya tatu ndiyo inayokuja kupima wenzake. Mwanafunzi aliyeandika (−2, −3) badala ya (−2, −10), akiwa nayo pamoja na (0, −4) na (2, 2), ataona rula inakataa: kutoka nukta ya kwanza kwenda ya pili mstari unashuka hatua 1, na kutoka ya pili kwenda ya tatu unapanda hatua 6. Mstari mnyoofu haufanyi hivyo. Hapo anajua kwamba mojawapo ya nukta zake ina kosa, anarudi kutafuta.

Nukta ya tatu haikuambii kosa liko wapi. Inakuambia tu kwamba lipo. Hata hilo ni msaada mkubwa kwa mtu aliye peke yake na karatasi, bila mwalimu wa kumsahihishia.

x na y zikiwa upande mmoja

Wakati mwingine mlinganyo huja umeandikwa hivi:

2x + 3y = 12

Hapa y haiko peke yake. Usihangaike kuupindua kwanza. Njia rahisi ni kuweka 0 mahali pa moja, kisha mahali pa nyingine.

x = 0: 2(0) + 3y = 12, yaani 3y = 12, basi y = 4. Nukta ni (0, 4).
y = 0: 2x + 3(0) = 12, yaani 2x = 12, basi x = 6. Nukta ni (6, 0).

Nukta hizi mbili ndizo mahali ambapo mstari unaikata mihimili ya grafu. Sasa tutafute ya tatu. Tukichagua x = 1, tunapata 3y = 10, na y inakuwa 3 na theluthi moja. Hiyo ni nukta halali kabisa ya mstari, lakini kuichora kwa penseli ni shida. Tuchague namba ya kirafiki zaidi, x = 3: 6 + 3y = 12, 3y = 6, y = 2. Nukta ni (3, 2). Ukiweka rula utaziona zote tatu zimekaa katika mstari mmoja: kila x ikiongezeka 3, y inapungua 2.

Uhuru wa kuchagua ni wako. Mlinganyo haukulazimishi uanze na namba fulani. Ila ukishachagua x, huna tena uhuru juu ya y, y inafuata. Hilo tuliwaambia wanafunzi mara nyingi: chagua unachotaka, lakini pokea kinachofuata.

Tusiache mistari miwili inayowasumbua wengi. Mlinganyo x = 4 hauna y ndani yake. Maana yake ni kwamba y inaweza kuwa namba yoyote, mradi x ni 4: (4, 0), (4, 1), (4, −7). Mstari wake umesimama wima. Na mlinganyo y = −2 hauna x, hivyo x ni yoyote: (0, −2), (5, −2), (−3, −2). Mstari wake umelala.

Waliotutangulia

Wanafalsafa wenzetu wanamfahamu René Descartes kwa kitabu chake cha mwaka 1637, Discours de la méthode, kilichochapishwa Leiden. Wachache wanajua kwamba kitabu hicho kilitoka kikiwa na viambatisho vitatu, na kimojawapo, La Géométrie, ndicho kilichofungua njia ya kuandika mistari kwa milinganyo. Descartes hakuchora mihimili miwili kama tunavyoichora leo ubaoni. Mpangilio huo ulikamilishwa na waliomfuata. Katika miaka hiyo hiyo Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, alifikia wazo hilo kwa njia yake mwenyewe.

Karibu miaka mia tatu kabla yao, Nicole Oresme, mwalimu wa Paris ambaye baadaye alikuwa askofu wa Lisieux, alikuwa akichora picha za namna jambo linavyobadilika, kwa mfano kasi ya kitu kadiri muda unavyokwenda. Muda aliulaza kama mstari wa chini, na kiasi cha jambo akakisimamisha juu yake. Tunamtaja kwa sababu alitaka picha ieleze kitu kinachotokea kweli. Na hapo ndipo sisi tulipojikwaa.

Tanki la maji

Siku ya pili ya kambi tulitaka mfano wa maisha, tukatazama nje ya dirisha. Palikuwa na simtanki la lita 5,000, lililokuwa limejazwa na boza siku tuliyofika. Boza lilikuwa limepangwa kurudi baada ya siku kumi na nne. Tulikuwa watu ishirini, na kila mtu alitumia kama ndoo moja ya lita 20 kwa siku, kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Ishirini mara ishirini ni lita 400 kwa siku. Tukaandika ubaoni:

y = 5000 − 400x

x ni idadi ya siku tangu tanki lijae, na y ni lita zilizobaki. Wanafunzi wakatafuta nukta:

x = 0: y = 5000 − 400(0) = 5000. Nukta ni (0, 5000).
x = 5: y = 5000 − 400(5) = 5000 − 2000 = 3000. Nukta ni (5, 3000).
x = 10: y = 5000 − 400(10) = 5000 − 4000 = 1000. Nukta ni (10, 1000).

Nukta tatu, mstari mmoja, unaoshuka vizuri kabisa. Kisha tukawauliza mstari utagusa chini lini, yaani y itakuwa 0 lini. 0 = 5000 − 400x, 400x = 5000, x = 12.5. Tukawapigia makofi.

Binti mmoja, ambaye siku nzima hakuwa amenyosha mkono, akauliza, "Kwa hiyo frateri, siku ya kumi na tatu mchana tutakunywa nini?" Darasa zima likacheka. Nasi tukacheka. Tukafuta ubao, tukaendelea na swali la pili.

Siku ya kumi na tatu, baada ya chakula cha mchana, bomba lilitoa hewa. Ilikuwa siku ya jaribio la mwisho. Kilichofuata ni kile ambacho kila mtu wa kijijini anakijua: wasichana walichukua ndoo wakaenda kisimani, na wavulana wakabaki na madaftari. Hatukuwatuma kwa maneno. Waliondoka tu, kwa sababu ndivyo walivyozoea nyumbani, na sisi hatukusema lolote mpaka walipokwisha kwenda. Waliporudi, giza lilikuwa linaingia. Yule binti alikuwa miongoni mwao. Jaribio lake hakulimaliza.

Usiku ule tulikaa na daftari letu tukafanya hesabu ambayo tungeifanya siku ya pili. Tuliweka 14 mahali pa x:

y = 5000 − 400(14) = 5000 − 5600 = −600.

Mstari haujui kwamba tanki lina sakafu. Wenyewe unaendelea kushuka chini ya sifuri. Tanki haliwezi kuwa na lita hasi 600, lakini namba hiyo haikuwa upuuzi. Ilikuwa ikisema: kuna lita 600 ambazo mtu atazibeba kichwani. Ni ndoo thelathini. Mlinganyo ulikuwa umetuambia siku kumi na moja kabla, na aliyeusikia ni mmoja tu.

Na dawa ilikuwa ndogo. Kama tungetumia lita 350 kwa siku badala ya 400, mlinganyo ungekuwa y = 5000 − 350x. Siku ya kumi zingebaki 5000 − 3500 = 1500. Siku ya kumi na nne zingebaki 5000 − 4900 = 100. Tofauti kwa kila mtu ni lita mbili na nusu kwa siku, jagi moja kubwa. Kila mmoja angeoga na maji pungufu kidogo, na hakuna ambaye angekwenda kisimani.

Kesho yake asubuhi tuliomba radhi mbele ya darasa, tukampa binti yule nafasi ya kurudia jaribio pamoja na wenzake wote waliobeba maji. Kisha tukamwomba aje ubaoni afanye ile hesabu ya 14. Alikuja. Aliweka 14 ndani ya mabano, akazidisha, akatoa, akaandika −600. Hakutuangalia. Akaandika pembeni, bila kuambiwa: ndoo 30.

Tunachotaka kubaki nacho

Kupata nukta kwa kuweka namba badala ya x ni kazi ambayo hata mashine ndogo ya hesabu inaweza kuifanya. Kinachobaki kwa binadamu ni kuuliza nukta hiyo inasema nini, na inamsema nani. Tulikuwa na jibu sahihi, 12.5, tukaliwekea alama ya vema na kulifuta. Hatukukosea hesabu hata kidogo. Tulikosea kwa kudhani kwamba jibu ni la mwalimu wa kusahihisha, wakati lilikuwa la mtu mwenye ndoo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, baada ya kupata nukta zako, isome kila moja kwa sauti kama sentensi kamili. Usiseme tu "(10, 1000)." Sema, "Siku ya kumi zitabaki lita elfu moja." Kisha jiulize kama uko tayari kwa siku hiyo.

Mazoezi

1. Tafuta nukta tatu za mstari y = 5 − 2x kwa kutumia x = −1, x = 0 na x = 3.

2. Tafuta mahali ambapo mstari 3x − 2y = 6 unaikata mihimili, kisha hakikisha kwa nukta ya tatu yenye x = 4.

3. Je, nukta (−2, 1) iko juu ya mstari y = −x − 1?

4. Mwanakwaya ana shilingi 20,000 na anaweka akiba ya shilingi 1,500 kila wiki. Andika mlinganyo. Atakuwa na kiasi gani baada ya wiki 8? Atafikisha 50,000 wiki ya ngapi?

Majibu: 1. (−1, 7), (0, 5) na (3, −1). 2. (0, −3) na (2, 0). Nukta ya tatu ni (4, 3). 3. Ndiyo, kwa kuwa −(−2) − 1 = 2 − 1 = 1. 4. y = 20000 + 1500x; baada ya wiki 8 atakuwa na shilingi 32,000; atafikisha 50,000 wiki ya 20.

Ukimaliza hayo, tafuta la tano mwenyewe: kiroba cha unga kilichopo jikoni kwako, mtungi wa gesi, au vocha ya umeme. Pima kinachotumika kwa siku, andika mlinganyo, tafuta nukta tatu. Na mtu wa nyumbani akikuuliza, "Kwa hiyo siku ile tutakula nini?" usicheke.